NYAMA HAKUNA: JE, NGUVU ITATOKA WAPI?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama mnaobeba kazi ya chungu kila siku, leo ukurasa wa afya unajibu swali moja ambalo limeletwa dispanseri mara nyingi sana.

Wote mnakumbuka habari za mpox. Mwezi wa 9, 2023, aina mpya ya ugonjwa huo ilianza kuenea Kamituga, mji wa wachimbaji wa zahabu kama sisi, katika Kivu ya Kusini. Tarehe 14-8-2024 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza ya kuwa ni hatari kwa dunia nzima, na tangazo hilo liliondolewa mwezi wa 9, 2025. Katika muda huo watu wengi hapa Lusangi waliacha nyama ya pori. Wengine walizidi, wakaacha nyama yote, hata kuku na mbuzi.

Nasema wazi: kutogusa mnyama uliyemkuta amekufa porini, na kutokula nyama isiyoiva, ni akili nzuri. Lakini kule Kamituga ugonjwa ulipita zaidi kutoka mtu hadi mtu, kwa kugusana ngozi na kwa kulala pamoja. Mtu aliyeacha nyama na hakuacha mwenendo wake hajajikinga bado. Hayo tuliyaeleza zamani, turudi kwenye chungu.

Kuna wanaoacha nyama kwa sababu ya dini, kuna wasioipenda tangu utoto, na kuna wengi zaidi ambao hawakuiacha, ila nyama yenyewe imewaacha. Siku ya malipo kuna nyama au makayabu. Siku kumi baadaye kuna sombe. Mwisho wa mwezi kuna bukari na chumvi. Wote hao wananiuliza neno moja: «Munganga, mtu anaweza kuchimba bila nyama?»

Anaweza. Kuna watu wengi duniani wanaoishi hivyo, wanafanya kazi nzito, wanazaa watoto wenye afya. Lakini ngojeni niwaeleze habari ya papa mmoja wa ekipi ya usiku.

Huyu papa aliletwa na kapita wake kwa sababu alianguka akiwa amebeba mzigo. Hakuumia sana, ila nilipofunua kope zake za chini niliona zimekuwa nyeupe kama karatasi. Kizunguzungu, moyo kupiga mbio akipanda kilima, usingizi kazini. Akaniambia kwa fahari kidogo ya kuwa ana miezi mingi hajaonja nyama. Nikamwuliza: «Na mahali pa nyama uliweka nini, papa?» Akanitazama kama hakuelewa. «Nilikula bukari,» akasema. «Bukari na nini?» «Bukari na majani kidogo. Na chai.»

Hapo ndipo ugonjwa wake ulipokuwa. Aliondoa nyama katika sahani, lakini hakuweka kitu mahali pake.

Sikumcheka, kwa sababu mimi mwenyewe nilikosa zamani katika jambo hilihili. Nilipokuwa mpya kazini, nimetoka shule ya uuguzi na daftari zangu, mama mmoja aliniletea mtoto anayeanza kuvimba miguu, nywele zimekuwa nyekundu na laini. Ni ule ugonjwa ambao Kivu wanauita bwaki. Nikamwambia ampe mtoto nyama, mayai na maziwa. Mama akasema asante, akaondoka. Akarudi baada ya majuma matatu, mtoto amevimba hata uso. Muuguzi mkubwa aliyekuwa akinifundisha hakunigombeza mbele ya watu. Alimwuliza mama swali moja tu: «Katika shamba lako kuna nini?» Mama akajibu ya kuwa kuna maharagi na karanga, ila anaziuza zote ili apate chumvi, sabuni na kipande cha makayabu kwa ajili ya baba. Yaani dawa ya mtoto ilikuwa inapita mlangoni kila siku ya soko, ndani ya kikapu, inakwenda kuuzwa. Mtoto yule alipona hospitalini, lakini ilichukua muda mrefu, na muda huo ni kosa langu.

Sasa tupime. Kitu kinachojenga nyama ya mwili na damu kinaitwa protini. Nyama mbichi ya ng'ombe gramu 100 ina protini gramu 20 hivi. Maharagi makavu gramu 100 yana gramu 21 hivi. Karanga gramu 100 zina gramu 25. Soya inapita zote, gramu 36 hivi. Mchele una gramu 7, unga wa mahindi 8 au 9. Na unga wa muhogo? Haufiki hata gramu 2. Muhogo unatoa nguvu ya kutembea na kubeba, kama mafuta katika motere, lakini haujengi motere yenyewe.

Mwanaume wa kilo 65 anayefanya kazi nzito anahitaji protini gramu 60 hivi kwa siku kama hali nyama. Akila nusu kilo ya unga wa muhogo kutwa nzima atapata chini ya gramu 10. Lakini ale glasi moja ya maharagi (ikiwa makavu ni gramu 150 hivi), mchele gramu 200, karanga viganja viwili, bukari yake ya kawaida, na sombe ya kutosha: hapo amefika, na hakuonja nyama.

Tena maharagi na mchele, au maharagi na mahindi, yanasaidiana. Kipande cha protini ambacho kimepungua katika maharagi kimo ndani ya nafaka, na kile kilichopungua katika nafaka kimo ndani ya maharagi. Si lazima viwe katika sahani moja, ila viliwe siku ileile. Kusini mwa Maniema tuna bahati ambayo wengine hawana: mpunga. Watu wa pwani waliuleta huku katika karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa mji wao mkubwa, na tangu hapo Kasongo na Kabambare hawakuuacha. Walileta mabaya mengi, kila mzee anayajua, lakini mpunga ulibaki, na ni chakula kizuri. Ajabu ni kuona mtu anauza mpunga wote ili anunue unga wa muhogo.

Huko pwani yenyewe, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, wapo Wahindi ambao hawali nyama kwa ajili ya dini yao, vizazi kwa vizazi. Tazama sahani zao: kuna dengu, choroko au mbaazi, kuna wali au mkate, na wengi wanakunywa maziwa. Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia nao wanafunga nyama, mayai na maziwa siku nyingi sana za mwaka, na siku hizo wanakula dengu, maharagi na njegere. Hakuna hata mmoja wao anayekula mizizi peke yake na kusema amefunga nyama.

Hapa kwetu neno «mboga» linatusaidia kuelewa jambo hili. Mtu akiuliza «mboga gani leo?», jibu linaweza kuwa sombe, samaki, maharagi au kuku. Wazee walijua ya kuwa bukari inahitaji mwenzake. Siku ambayo mwenzake ni chumvi peke yake, hakuna mboga.

MUHOGO UNAOFUNGA MIGUU

Hapa naomba kila mtu asome polepole, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Muhogo mchungu una sumu ndani yake. Mama zetu wanajua kuitoa: wanamenya, wanazamisha majini siku tatu au nne mpaka ulainike, wanaanika, wanatwanga. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, muhogo ni salama. Shida inakuja wakati wa njaa, wakati wa vita na kukimbia, au wakati soko linadai unga upesi. Muhogo unazamishwa siku moja au mbili, unaanikwa haraka, unauzwa. Unga ni mweupe, mzuri kwa macho, na sumu bado imo.

Mwili wa mtu unaweza kuivunja sumu hiyo kidogo kidogo. Lakini ili kuivunja unatumia vipande fulani vya protini, vile vyenye salfa. Mtu mwenye mboga nzuri anavyo. Yule anayekula bukari ya muhogo asubuhi na jioni bila maharagi, bila mchele, bila samaki, hana. Sumu inaingia na silaha ya kupigana nayo haipo. Ndipo unakuja ugonjwa unaoitwa konzo.

Konzo inampiga mtu ghafula. Amelala mzima, anaamka miguu yote miwili imekakamaa. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, au hatembei kabisa. Haimwui, lakini haiponi tena. Inawashika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lenyewe limetoka kwa Wayaka wa Kwango, magharibi mwa nchi yetu, na munganga Trolli aliiandika mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, iliwashika watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ilionekana Tarime, kaskazini mwa Tanzania, nako ni baada ya ukame. Kahemba katika Kwango wameteseka nayo miaka mingi. Kivu ya Kusini pia imeiona. Kila mahali habari ni ileile: muhogo mchungu ulioharakishwa, na sahani isiyo na mboga.

Kwa hiyo mfanyakazi anayeacha nyama na kubaki na muhogo peke yake anajiweka karibu na hatari hiyo, yeye na zaidi watoto wake.

Unga ulionunuliwa sokoni, ambao hujui ulizamishwa siku ngapi, unaweza kuusafisha nyumbani. Njia hii walionyeshwa mama wa Popokabaka, katika Kwango, tangu mwaka 2010, na imewasaidia sana. Weka unga katika beseni, usawazishe juu, tia alama ndani ya beseni mahali unga ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka chini ya alama, halafu utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka safi, uwe mwembamba, usipite unene wa kidole kidogo. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Sumu inapanda hewani na kwenda zake. Kisha songa bukari siku hiyohiyo, usiuweke mpaka kesho. Mama mmoja aliniambia ya kuwa bukari yake ilikuwa tamu zaidi, na mume wake hakujua chochote. Namwamini.

Kwa habari ya sombe, majani ya muhogo nayo yana sumu, lakini kinu na moto vinaimaliza. Twanga vizuri kabisa, chemsha bila kufunika chungu mwanzoni, usiharakishe. Sombe iliyopikwa hivyo ni chakula kikubwa, ina protini kupita majani mengi, na ukitia karanga zilizotwangwa na mawese mekundu umepata mboga ya kweli. Wekundu wa mawese ndio unaojenga macho, hasa macho ya mtoto wakati wa jioni. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe. Ukifanya hivyo umetupa dawa na kubaki na mafuta tu.

DAMU

Nirudi kwa papa wa ekipi ya usiku. Damu inahitaji chuma. Katika maharagi, lengalenga, matembele na sombe kuna chuma, lakini mwili unakichukua kwa shida kuliko kile cha nyama. Kuna kitu kinachoufungulia mlango, nacho ni tunda lenye uchachu: limau, chungwa, embe, papai, nyanya mbichi, pilipili mbichi. Kamua limau juu ya maharagi, au kula chungwa papo hapo baada ya chakula. Na kuna kitu kinachoufunga mlango: chai na kahawa. Papa yule alikuwa anakunywa chai kali pamoja na kila chakula. Chai si adui, ila ingoje saa moja au mbili.

Sikuishia kwenye chakula, nilimpima pia. Alikuwa na minyoo ya safura. Minyoo hiyo inapita kwenye ngozi ya miguu isiyo na viatu, mahali watu wamejisaidia ovyo, inakwenda tumboni na kunywa damu. Ni adui wa zamani wa wachimbaji: mwaka 1880 wafanyakazi waliotoboa mlima wa Gotthard, Uswisi, walikuwa wanafifia kwa kukosa damu, na waganga wakakuta ni minyoo hiyo. Basi mtu anayeacha nyama asifikiri kila udhaifu ni wa chakula. Malaria inakula damu, safura inakula damu. Vaa buti, tumia choo, njoo upimwe.

KWA WASIOKULA KITU CHOCHOTE CHA MNYAMA

Wako wachache wasiogusa hata samaki, yai wala maziwa. Kwao nina neno la pekee. Kuna vitamini moja, B12, ambayo majani, nafaka na maharagi hayana. Ini linaiweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo mtu anajiona mzima, anasema munganga alitutisha bure. Kisha ulimi unauma, damu inapungua, nyayo zinakufa ganzi kama umekanyaga pamba, akili inasahau. Mtu mwenye nyayo za ganzi hafai kupanda ngazi ya shimo. Ukichelewa sana, mishipa haiponi yote. Mama anayenyonyesha asipokuwa nayo, mtoto wake anaumia kabla ya yeye mwenyewe kujisikia vibaya.

Kwa hao njia ni vidonge vya B12, njooni tuzungumze. Lakini kama katazo lako ni la nyama tu, basi ndagala kavu kutoka Tanganyika, yai moja moja, au maziwa, vinatosha kuleta B12. Ndagala huliwa mzima, na mifupa yake ina faida. Viwavi wa msimu navyo ni chakula bora, kwa wale wasioona haya mbele ya wageni.

Juu ya chumvi: nunua ile yenye iyodi, uiweke katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto. Muhogo usiosafishwa unazuia iyodi isifanye kazi mwilini, ndiyo maana kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kilijulikana zamani kwa watu wengi wenye uvimbe wa shingo.

WATOTO

Mtu mzima anaweza kukosea mwezi mmoja na kujirudisha. Mtoto hawezi. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili, na kuanzia miezi sita aongezewe uji. Uji wa muhogo mtupu ni maji ya kujaza tumbo. Changanya unga wa mahindi, mtama na soya, ule ambao wengine wanauita masoso, au tia karanga zilizotwangwa laini katika uji wa mchele au mahindi, na kijiko cha mawese. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, ikiwa mbichi inaleta tumbo. Tumbo la mtoto ni dogo, apewe mara nne au tano kwa siku. Na kama kuna yai moja nyumbani, tafadhali papa, ni la mtoto.

Karanga chagua. Yenye ukungu, iliyokunjamana au chungu, itupe, wala usiipe kuku. Ukungu huo una sumu ya ini, na haifi kwa kupika. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye ukungu wa namna hiyo yaliua watu 125.

Kuhusu maharagi nimesikia malalamiko, hasa ya wale wanaofanya kazi wamebanana shimoni. Ni kweli, yanaleta upepo. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa. Na kuni utatumia chache. Tumbo nalo linazoea baada ya majuma mawili matatu. Anza na kidogo.

Papa wa ekipi ya usiku alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma. Bibi yake alikuja pamoja naye siku ya pili, nikamweleza yote haya. Hawakurudia nyama, bei haijashuka. Wameacha kuuza maharagi yote, wanabakiza kapu moja kila mavuno, na limau liko nyuma ya nyumba, walikuwa wanaliacha lioze. Baada ya miezi mitatu kope zake zilikuwa nyekundu. Bibi yake alinishtaki mbele yake ya kuwa sasa anakula sana.

Siku ya kupima watoto, mama mnaokuja leteni kila mmoja unga wa muhogo kiasi cha sahani moja, kutoka sokoni au wa nyumbani. Beseni, maji na mikeka viko dispanseri. Tutatandaza asubuhi, na saa ya kurudi nyumbani kila mtu ataondoka na unga wake tayari kwa kusonga.